Chaki Ukingoni mwa Meza

Siku ya kwanza mikono ilinisaliti.
Uzi na tundu la sindano vikakataa kuonana.
Mimi, niliyezoea kutia uzi gizani umeme ukikatika,
miaka ishirini na mitatu katika soko la Arua,
nikamwita Onzima, mwanafunzi wangu:
"Nitilie wewe, macho yameingia vumbi."
Vumbi gani? Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha.

Siku ya tatu, kichwa.
Kengele ya shule, ile ya ringi ya lori,
na mtoto mtundu kakabidhiwa nyundo.
Mteja akaja kuuliza gauni la kipaimara,
nikamjibu kama mwizi wangu.
Gauni lilikuwa limechelewa wiki mbili.

Siku ya tano choo kikafunga.
Najua, haya hayatiwi katika mashairi,
lakini tumbo langu lilizoea kuamshwa kwa moshi;
moshi ulipokosekana, likaendelea kulala.
Candiru akanipa papai, akanipa maji ya ukwaju,
akacheka mpaka akakaa chini.

Kisha kikohozi.
Miaka yote ile navuta, kifua kimya,
nimeacha, nanguruma kama trekta kilimani,
natema masizi!
Nikavaa viatu.
Kwa Mama Feta huuzwa mojamoja, zimevuka kutoka Ariwara,
hatua arobaini toka mlangoni pangu; nimezihesabu.
Ya thelathini kikohozi kikanikunja juu ya nguzo ya umeme.
Sista Ayikoru wa zahanati alikuwa anapita na mboga zake.
"Mapafu yanafagia," akasema, hata hakusimama.
"Ukifagia nyumba iliyofungwa miaka,
vumbi si litapanda kwanza?"
Nikataka kumwambia: basi afagiaye apunguze mkono.
Nikarudi zile thelathini.

Usiku namwota baba.
Terego, mlangoni mwa banda la kukaushia,
anachochea kuni, majani yananing'inia kwenye fito,
yanageuka polepole rangi ya asali.
Majani yale yalinilipia karo.
Majani yale yaliinunua cherehani hii.
Baba hasemi neno; ananisongezea moja,
nami navuta, navuta kwa raha isiyosemeka,
naamka shuka limelowa,
nanusa vidole
nikitafuta kosa nisilolitenda.

Na njaa, jamani!
Muhogo mbichi, karanga, ufuta uliosagwa
nauchota kwa kidole kama mtoto.
Suruali ikakataa kufunga.
Nimekifumua kiuno changu mwenyewe,
inchi moja na nusu,
mlango nimeutia komeo
kana kwamba nashona kitambaa cha wizi.

Juzi pua imerudi, bila hodi.
Nikanusa makaa ndani ya pasi,
nikanusa wanga wa jora jipya,
nikanusa koti langu pale msumarini.
"Nani huyu?" nikauliza.
Candiru hakuinua macho kwenye mchele:
"Ndiye niliyelala naye miaka kumi na minane."

Leo mstari wa thelathini na nne,
chaki ya bluu, ukingoni mwa meza.
Nimefungua daftari la vipimo.
Siku ile ya kwanza nilijiandika humo kama mteja:
kifua, pumzi ndani; kifua, pumzi nje.
Nikazungusha utepe, nikavuta hewa
mpaka ilipogonga pale inapouma.
Imezidi nusu inchi.
Huenda ni utepe, nao umezeeka, umelegea.
Huenda ni karanga.
Nimeandika hivyo hivyo, kwa wino,
kisha nikakohoa, nikafuta meza.

Onzima akanyoosha mkono achukue sindano.
"Iache," nikamwambia.
Nikalamba ncha ya uzi.
Mara ya nne, ukapita.